Kila Kiwanja na Kazi Yake

Vijiji vingi vilivyo kando ya barabara kuu vinageuka kuwa miji midogo. Jana palikuwa na mwembe na duka moja la chumvi na sabuni. Leo pana mashine ya kusaga, gereji, nyumba ya wageni, ghala la mazao, na malori yaliyolala kando ya barabara. Kisha siku moja tangazo linabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata: mpango wa mji utarekebishwa, wananchi waje mkutanoni.

Wengi hulipita tangazo hilo. Husema, "Hayo ni mambo ya bwana ardhi." Lakini tangazo hilo laweza kuamua kama mashine yako itaendelea kusaga hapo ilipo. Laweza kuamua pia kama jirani yako ataruhusiwa kuchomelea vyuma usiku mbele ya dirisha la chumba cha watoto wako. Basi leo tujifunze mambo matatu: mji hugawanywaje, kwa nini kanuni zake hubadilishwa, na wewe unaingia wapi.

MJI HUGAWANYWAJE?

Tazama kwanza nyumbani kwako. Choo hakichimbwi karibu na kisima. Zizi huwekwa upande ambao upepo hauleti harufu jikoni. Moto hauwashwi chini ya ghala la nafaka. Hakuna karatasi iliyoandikwa, lakini huo ni mpango. Kila mahali pana kazi yake.

Mji nao hufanya hivyo hivyo, ila wenyewe huandika. Huchora ramani na kuonyesha kila eneo litatumika kwa kazi gani. Ramani hiyo huitwa mchoro wa mipango miji. Maeneo ya kawaida ni haya:

1. Makazi. Hapa ni nyumba za kuishi.
2. Makazi na biashara. Hapa mtu huweza kuishi na pia kufungua duka.
3. Biashara. Hapa ni maduka, masoko, benki, hoteli na maofisi.
4. Viwanda vidogo na vya huduma. Hapa ni mashine za kusaga, karakana za seremala, gereji na mafundi wa kuchomelea.
5. Viwanda vikubwa. Hapa ni viwanda vyenye moshi, kelele, maji machafu au malori mengi.
6. Huduma za jamii. Hapa ni shule, zahanati, misikiti, makanisa na makaburi.
7. Maeneo ya wazi. Hapa ni viwanja vya michezo na mahali pa kupumzikia.

Kwa nini watu wasijenge tu wanavyopenda? Kwa sababu kazi nyingine hudhuru kazi nyingine. Vumbi la mashine huingia kifuani mwa mgonjwa wa zahanati. Maji ya kiwanda cha ngozi huharibu kisima. Lori la tani 30 hupasua barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya baiskeli na gari dogo. Cheche ya mchomeleaji huweza kuunguza duka la magodoro.

Ukiwa na hati ya kiwanja, isome vizuri. Ndani yake imeandikwa matumizi. Kama imeandikwa "makazi", basi kiwanja hicho umepewa kwa ajili ya kuishi. Ukijenga kiwanda juu yake bila kibali, umevunja sharti la hati, hata kama kiwanja ni chako na kodi unalipa. Unaweza kupewa ilani ya kujirekebisha, unaweza kutozwa faini, na mwisho kabisa unaweza kufutiwa haki ya kumiliki.

KANUNI HIZI ZILITOKA WAPI?

Kanuni za mji hutungwa na watu, na kila aliyetunga alikuwa na shabaha yake. Tuangalie Dar es Salaam.

Mwaka 1891 Wajerumani walitoa amri ya ujenzi iliyougawa mji kwa aina ya majengo. Upande wa bahari zilitakiwa nyumba za mtindo wa Kizungu peke yake. Maskini angeweza wapi kujenga nyumba ya namna ile? Kwa hiyo amri iliyosema juu ya kuta na mapaa iliwagawa watu pia: Wazungu huku, Wahindi na Waarabu pale, Waafrika kule.

Waingereza nao waliendelea kuugawa mji. Mwaka 1949 ulitolewa mpango mkuu wa kwanza wa Dar es Salaam. Baada ya Uhuru ukaja mpango wa mwaka 1968, halafu wa mwaka 1979. Mpango wa 1979 ulitazamiwa kuongoza mji kwa miaka 20. Muda huo ulipokwisha, mji uliendelea kukua kwa miaka mingi bila mpango mkuu mpya. Mpango uliofuata umepewa muda wa kutoka 2016 hadi 2036.

Sheria yenyewe pia ilichukua muda mrefu kubadilishwa. Sheria ya kikoloni ya mipango ya miji na vijiji, ya mwaka 1956, iliendelea kutumika mpaka ilipofutwa na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Yaani mtoto aliyezaliwa sheria ile ilipotungwa alifikia umri wa miaka 51 ndipo ikaondolewa.

Wakati huo wote watu hawakukaa kungoja. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu kiasi cha 270,000. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu hawa walijenga, wakafungua maduka, wakaleta mashine. Karatasi ilibaki nyuma.

KARIAKOO: MAISHA YAKIITANGULIA KARATASI

Mfano mzuri ni Kariakoo. Eneo hili lilipangwa na Wajerumani liwe makazi ya Waafrika. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi chao cha wapagazi kilipiga kambi pale. Kikosi kiliitwa Carrier Corps. Watu wakatamka walivyoweza, likawa Kariakoo.

Mitaa yake ilinyooshwa kwa kamba, na viwanja vyake vilikatwa vidogo vidogo. Vilitosha nyumba ya Kiswahili ya chini, yenye ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, na ua nyuma. Magari yalikuwa machache sana.

Mwaka 1975 lilifunguliwa soko kubwa lililochorwa na msanifu majengo wa Kitanzania, Beda Amuli. Wafanyabiashara wakaongezeka. Nyumba za chini zikabomolewa moja baada ya nyingine, na mahali pake yakaota maghorofa. Leo wateja wanatoka mikoani, na wengine nchi jirani, kufuata bidhaa za jumla.

Sasa fanya hesabu kidogo. Penye kiwanja cha nyumba ya vyumba sita pamesimama ghorofa lenye maduka mengi. Kila duka linataka mzigo ushushwe, na kila mteja anataka kupita. Lakini upana wa mtaa ni ule ule. Kwa hiyo lori linashusha katikati ya njia, mkokoteni unapita ubavuni, bodaboda inapenya kati yao, na mama mwenye mzigo kichwani anatafuta pa kukanyaga. Soko lenyewe liliungua moto Julai 2021. Gari la zimamoto linahitaji njia, na njia haipatikani siku ya moto kama haikuachwa siku ya kupanga.

Jambo jingine ni uzito. Kubadili matumizi ya jengo si kubadili rangi ya mlango. Jengo la kuishi likigeuzwa kuwa ghala la bidhaa, au likiongezwa ghorofa, nguzo zake hubeba mzigo ambao hazikupigiwa hesabu. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo moja la ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakafa. Baada ya hapo Serikali iliunda timu ya kukagua majengo ya eneo hilo. Ndiyo maana kibali hutakiwa kabla ya kuanza kazi.

MAEGESHO: HESABU YA ARDHI

Maegesho ni mahali pa kusimamisha magari. Mtu asiye na gari anaweza kusema hayamhusu. Yanamhusu, kwa sababu maegesho hula ardhi.

Tukokotoe pamoja. Gari dogo moja linahitaji nafasi yenye upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5. Zidisha: 2.5 x 5 = mita za mraba 12.5. Lakini gari haliruki kama ndege. Lazima liwe na njia ya kuingilia na kugeuzia. Ukijumlisha njia hiyo, gari moja hula kiasi cha mita za mraba 25. Hapo pangejengwa vyumba viwili vikubwa.

Sasa tuseme una kiwanja cha mita 20 kwa 20. Hizo ni mita za mraba 400. Tuseme kanuni inataka jengo lako la biashara liwe na nafasi 8 za magari. Zidisha: 8 x 25 = 200. Nusu ya kiwanja chako imekwenda kwa magari kabla hujaweka tofali moja! Mwenye mtaji mkubwa atachimba maegesho chini ya jengo. Mwenye mtaji mdogo atashindwa kujenga, au atajenga bila kibali.

Kanuni ya kudai idadi ya nafasi za magari ilikua sana Marekani. Mji wa Columbus, Ohio, uliweka sharti hilo mwaka 1923 kwa nyumba za kupangisha za familia nyingi. Mji wa Fresno, California, uliliweka mwaka 1939 kwa hoteli na hospitali. Baadaye miji mingi ikafuata. Kila duka likazungukwa na uwanja mpana wa lami, maduka yakawa mbalimbali, na mtu asiye na gari akapata taabu kwenda kununua mkate.

Mwalimu mmoja wa chuo kikuu huko California, Donald Shoup, alieleza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 2005. Alisema maegesho ya bure si ya bure. Gharama yake hufichwa ndani ya kodi ya pango na bei ya bidhaa, na hulipwa hata na anayekwenda kwa miguu. London ilikuwa imekwisha anza kubadili mwaka 2004: badala ya kudai nafasi zisipungue kiasi fulani, ikadai zisizidi. Mji wa Buffalo, katika jimbo la New York, ulifuta mwaka 2017 sharti la idadi ya chini kwa mji mzima. Kufuta sharti si kukataza maegesho. Mwenye duka anaachwa apime mwenyewe anahitaji nafasi ngapi.

Je, na sisi tufute tu? Tusikimbilie. Dawa ya mwenzio huijui mpaka ujue ugonjwa wako. Kwetu wateja wengi hawaji na gari. Wanakuja kwa miguu, kwa daladala, kwa bodaboda, na Dar es Salaam tangu mwaka 2016 kwa mabasi yaendayo haraka. Lakini mzigo wa dukani huja kwa lori au guta. Kwa hiyo eneo la biashara la mji mdogo linaweza kuhitaji nafasi chache za magari madogo, na nafasi nyingi za mambo haya:

(a) Mahali pa kupakia na kushusha mizigo, na saa maalumu za kufanya kazi hiyo.
(b) Kituo cha bodaboda na bajaji kisichoziba njia.
(c) Njia ya waendao kwa miguu, wakiwamo wenye baiskeli za magurudumu matatu na wasioona.
(d) Mahali pa wafanyabiashara wadogo wanaopanga bidhaa chini.

Eneo la viwanda nalo lina mahitaji yake. Pale hakuna wateja wengi, lakini kuna malori yanayosubiri zamu ya kupakia pamba, mpunga au mbao. Kama kiwanda hakina uwanja wa malori ndani ya ua wake, malori yatasubiri barabarani. Ndipo usiku mwenye pikipiki anapoingia chini ya tela lisilo na taa.

Kumbuka pia kwamba hifadhi ya barabara si maegesho wala si kiwanja cha duka. Kufuatana na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu iliongezwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Kabla hujaweka msingi, chukua kamba upime, kisha ukathibitishe kwa wahusika.

KANUNI HUBADILISHWAJE?

Mabadiliko huja kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya mji mzima au eneo zima. Halmashauri huamua kutayarisha mpango mpya au kurekebisha wa zamani. Wataalamu hupima na kuhesabu: watu ni wangapi, maji yanatoka wapi, malori yanapita wapi. Sheria ya mwaka 2007 inataka wenye ardhi, taasisi na vikundi vya wananchi waitwe kwenye mkutano. Mpango ukikwisha kuandikwa, wananchi huonyeshwa na huweza kutoa pingamizi. Mwisho hupelekwa Wizara yenye dhamana ya ardhi kuidhinishwa. Ukiidhinishwa, una nguvu ya sheria.

Njia ya pili ni ya kiwanja kimoja. Una nyumba, unataka kuifanya hoteli. Unapeleka maombi halmashauri kwa Afisa Mipango Miji. Tangazo hutolewa ili majirani wajue na waseme. Ombi likikubaliwa, ndipo hati yako hurekebishwa. Usianze kujenga wakati maombi yako bado mezani.

MFANO WA MWENYE MASHINE

Tuseme ndugu mmoja amekuwa na mashine ya kusaga kwa miaka 15. Alipoiweka, pembeni palikuwa shamba la mihogo. Sasa pamejaa nyumba. Mchoro mpya unapaka eneo hilo rangi ya makazi. Majirani wanalalamika: kelele tangu alfajiri, vumbi juu ya nguo zilizoanikwa, foleni ya punda na baiskeli mlangoni. Yeye anajibu, "Nyinyi mmenikuta hapa."

Nani ana haki? Wote wana haki, na ndiyo sababu ya mkutano. Mama aliyejifungua juzi anahitaji kulala. Lakini mashine ikifungwa leo, watu wale wale watabeba mahindi kilomita nane, na watoto wa mwenye mashine watakosa ada.

Akinyamaza, mchoro utapita bila yeye. Akija mkutanoni, anaweza kueleza mambo. Anaweza kuomba mtaa wake uwe wa makazi na biashara, naye akubali saa za kusaga na kujenga ukuta wa kuzuia vumbi. Au anaweza kuomba kiwanja katika eneo la viwanda vidogo, na muda wa kutosha wa kuhama. Tangu mwaka 1973 nchi yetu ina SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambalo mtu wa namna hii anaweza kwenda kuliomba ushauri.

Na kama ardhi ya mtu inachukuliwa kwa ajili ya barabara, soko au uwanja wa malori? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Wala usidanganywe kwamba ardhi ya kimila haihesabiwi. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 1994 kwamba haki ya kumiliki ardhi kimila ni mali, nayo inalindwa na Katiba. Tunza karatasi zako zote: hati, risiti, barua ya serikali ya kijiji, na majina ya mashahidi wa mipaka.

MASWALI YA KWENDA NAYO MKUTANONI

Sasa unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari, andika maswali haya, na majibu yake uyaandike papo hapo:

1. Kiwanja changu kiko wapi kwenye mchoro huu? Nionyeshwe kwa kidole.
2. Kimepangiwa matumizi gani? Zamani kilikuwa cha matumizi gani?
3. Biashara iliyopo sasa itaendelea, au itahamishwa? Kwa muda gani?
4. Eneo la viwanda liko upande gani wa upepo, na maji yake machafu yatakwenda wapi?
5. Malori yatalala wapi? Mizigo itashushwa wapi na saa ngapi?
6. Mwenye duka dogo anatakiwa kuacha nafasi ngapi za magari? Hesabu hiyo imetoka wapi?
7. Pingamizi lipelekwe kwa nani, na mwisho ni tarehe ngapi?

Swali la saba ndilo la kuandika kwa herufi kubwa. Pingamizi la siku moja baada ya tarehe ni malalamiko tu.

Usione haya kuuliza neno usilolielewa. Mtaalamu anajua kuchora ramani, lakini wewe unajua mvua ya masika inapita wapi, na njia gani watoto hufuata kwenda shule. Ramani isiyo na mambo hayo haijakamilika.

MAZUNGUMZO YA KIKUNDI

Mkikwisha kusoma, jadilianeni: Katika mji wetu au kijiji chetu, kazi gani zimekaa mahali zinapodhuru wengine? Zingehamia wapi, na nani angegharimia? Halafu mchague watu wawili waende ofisi ya kata kuuliza kama kuna mchoro, na warudi kuueleza mbele ya kikundi.